Tumbo kupasuliwa lote au kwa matundu: msipime ugonjwa kwa urefu wa kovu

Nesi wa Zamu:

Habari za jioni wakuu. Uzi ni mrefu, naomba uvumilivu wenu.

Mimi ni muuguzi wodi ya upasuaji, huu ni mwaka wa 11. Kuna kitu nakiona karibu kila wiki na kinaniuma. Mtu kafanyiwa upasuaji wa matundu (kamera na vyombo virefu vinapitishwa kwenye vitundu vidogo), kesho yake anatembea mwenyewe mpaka chooni, ndugu wakimfunua tumbo wanaona vidonda vinne vidogo hakuna hata kimoja kinachofika upana wa kidole gumba, basi wanasema kumbe hamna kitu, siku ya nne unasikia kabeba ndoo ya maji. Kitanda cha pili kuna mama wa watu kafunguliwa tumbo lote, siku ya pili ana joto kidogo na hawezi kukohoa, ndugu wanaanza kulia pale pale wodini wanasema kaozea ndani. Wote wamekosea, na kosa lao ni moja.

Haya mambo nimeyaona mpaka nyumbani kwetu. Mama yangu alitolewa kifuko cha nyongo kwa kupasuliwa, alikuwa na mawe. Kidonda kilikuwa chini ya mbavu za kulia, cha mlazo, kama sentimita 15. Miaka mingi baadae mdogo wangu wa kike nae akapata mawe hayo hayo, akatolewa kifuko hicho hicho ila kwa matundu. Mama alilala wodini siku sita, nakumbuka alikuwa anakunja kanga mara nne anaibana kwenye kidonda kwa viganja viwili ndo akohoe, na kila akivuta pumzi anaikatia njiani. Mdogo wangu aliondoka siku ya pili, na tumbo hata hakulilalamikia sana, alikuwa analia na bega la kulia. Bega! Nitaeleza chini.

Sasa twende taratibu. Kwa mama, kufika kwenye nyongo ilibidi wapite ngozi, mafuta, utando mgumu unaofunika misuli, msuli wenyewe ukakatwa, mishipa midogo ya fahamu inayopita kati ya mbavu nayo ikaguswa, halafu ndo utando laini wa ndani unaozunguka matumbo. Alafu vile vyuma vya kuvutia kingo za kidonda vinakaa pale muda wote wa kazi vinabana nyama, damu haipiti vizuri. Kwa mdogo wangu walipita tabaka hizo hizo ila kwa matundu manne, mawili kama milimita 10 na mawili milimita 5, na kwenye matundu misuli inasukumwa pembeni zaidi kuliko kukatwa.

Ila wakifika ndani wakuu, KAZI NI ILE ILE. Mshipa wa damu wa kifuko unafungwa, mrija wake unafungwa, kifuko kinabanduliwa kwenye ini na pale kilipokuwa kimelala panabaki pabichi. Hapa ndo watu wanapokosea, wanadhani matundu maana yake ndani hakujafanyika kitu. Kilichopungua ni kidonda cha njiani, kidonda cha kule walikoenda kipo vile vile.

Na mwili unajuaje kama umeumizwa? Seli zikipasuka zinamwaga vitu vyake vya ndani. Mwili haujui kama aliyekata ni daktari bingwa kwa kisu kisafi au ni panga la shamba, unajua tu kwamba seli zimepasuka, na kile kilichomwagika ndo kengele. Seli za jirani zinaachia histamini na kemikali nyingine, mishipa midogo inatanuka inavuja maji, panakuwa pekundu, pana joto, panavimba, panauma. Hizo dalili nne Mrumi mmoja anaitwa Celsus aliziandika karibu miaka 2000 iliyopita na mpaka leo ndo hizo hizo tunazozitafuta asubuhi tukifungua gozi. Hiyo ndo inflamesheni. Sio usaha, sio kuoza. Ni mwili unafanya kazi.

Ndani ya masaa machache seli nyeupe zinazoitwa nyutrofili zinamiminika pale, siku ya 1 na ya 2 ndo zimejaa, halafu makrofaji zinachukua zamu, zinameza uchafu na kuita seli zitakazofuma nyuzi za kolajeni. Na wakati huo huo kidonda kinatuma ujumbe mbali, mmojawapo unaitwa intalukini 6, unaingia kwenye damu unafika kwenye ini, ini linaanza kutengeneza protini tunayoipima maabara kama CRP. Hii CRP inaanza kupanda kama masaa 6 tangu kukatwa, inafika kilele siku ya 2 au ya 3, na kama hakuna kitu kingine kinachoichochea inashuka nusu kila baada ya masaa 19 hivi.

Waliotolewa nyongo kwa njia zote mbili wameshapimwa damu mara nyingi sana tangu miaka ya 90, na jibu linarudi lile lile, intalukini 6 na CRP zinapanda kwa wote, ila waliopasuliwa tumbo zinapanda juu zaidi. Kwaiyo ule moto wa mwili, yani inflamesheni, wa mama yangu ulikuwa mkubwa kuliko wa mdogo wangu, hilo ni kweli kabisa. Ila homoni za mshtuko kama kotisoli zinapanda karibu sawa kwa wote wawili. Yani mwili wa mtu wa matundu nao umeshtuka. Umechoka. Ule uchovu anaousikia siku ya tatu akipanda ngazi sio uvivu, mwacheni alale.

Karibuni kwa maswali, nikitoka zamu najibu.

Fundi Umeme 88:

Asante sana nesi, hii elimu nzuri. Swali langu ni moja, kama matundu yana unafuu hivyo kwanini hospitali zisifanye matundu kwa watu wote? Au ndo mambo ya hela? Mana shemeji yangu alipasuliwa kidole tumbo kwa kufunguliwa na jirani yake akafanyiwa matundu, tukaona kama tumedharauliwa.

Nesi wa Zamu:

Mkuu hela ipo ndani yake siwezi kukataa. Kamera, skrini, gesi, vyombo virefu, fundi wa kuvitengeneza vikiharibika, umeme usiokatika katikati ya kazi, na zaidi ya yote daktari aliyefundishwa hiyo njia. Hospitali kubwa kama Muhimbili wanafanya, ukishuka ngazi ya wilaya huko mambo ni tofauti.

Ila usione mlidharauliwa. Kidole tumbo kikiwahiwa kabla hakijapasuka, kile kidonda cha kawaida chini kulia ni kidogo, sentimita chache tu, na misuli pale inatanuliwa kufuata nyuzi zake haikatwi. Kwaiyo tofauti ya majeraha na matundu hapo sio kubwa kama kwenye nyongo. Pale nyongo inapoleta tofauti kubwa ni kwa sababu njia ya kuifikia ilikuwa inaumiza kuliko kazi yenyewe.

Ukienda kinyume chake, kukata kipande cha utumbo mpana kwa mfano, kazi ya ndani ni kubwa sana, utumbo umebanduliwa, umekatwa, umeunganishwa. Hapo hata ukipita kwa matundu moto wa ndani upo, unafuu unakuwepo ila sio ule wa kwenye nyongo.

Na kuna tumbo ambalo wala usiombe matundu. Taifodi imetoboa utumbo, usaha na uchafu umeenea tumbo zima, mtu presha imeshuka. Au mimba imetunga nje ya kizazi na damu imejaa tumboni, mgonjwa anazimika, na pale ulipo hakuna timu iliyozoea matundu. Au ajali ya bodaboda bandama imepasuka. Kwenye matundu tumbo linajazwa gesi ya kabonidayoksaidi kwa presha ya milimita 12 mpaka 15 za zebaki ili kamera ione, sasa ile gesi inasukuma kiwambo cha kupumulia (msuli unaotenganisha kifua na tumbo) juu na kubana mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, mtu ambae moyo wake unahangaika tayari unaweza kumpoteza mezani. Mtu kama huyo moto haujaletwa na kisu, ulikuwa umeshawaka kabla hajaingia thieta, na kinachomwokoa ni kufunguliwa haraka, kuoshwa na kuzibwa palipotoboka. Daktari akianza na matundu akaona hali mbaya akafungua tumbo, huyo hajashindwa kazi. Kaona.

Dada wa Uyole:

Nesi samahani, bega la mdogo wako lilikuwaje? Mana mimi nilifanyiwa matundu ya kizazi mwaka jana na bega lilinitesa siku mbili, nikaambiwa na jirani kuwa nimechezewa.

Nesi wa Zamu:

Dada yangu hujachezewa na mtu. Ni ile gesi. Ikibaki kidogo chini ya kiwambo cha kupumulia inakikera, na mshipa wa fahamu wa kile kiwambo unatoka shingoni, sehemu ile ile inayotoka mishipa ya bega. Ubongo unapokea taarifa unadhani bega ndo linauma. Gesi inanyonywa yenyewe na damu, inatoka kwa pumzi, siku mbili tatu inaisha. Kutembea tembea kunasaidia.

Ila bega likiuma pamoja na pumzi kukatika au kifua kubana, hiyo sio gesi, kimbia hospitali.

Dada wa Uyole:

Asante nimeelewa. La pili, dada wa mume wangu kaambiwa ana saratani ya mlango wa kizazi hatua za mwanzo, atatolewa kizazi. Ndugu wanasema tuchange aende akafanyiwe matundu apone haraka. Ushauri?

Nesi wa Zamu:

Poleni sana. Hapa naomba nisome pole pole na wewe usome pole pole.

Mwaka 2018 ulitoka utafiti mkubwa wa nchi nyingi kuhusu upasuaji huo huo, wa kutoa kizazi chote na nyama za pembeni kwa saratani ya mlango wa kizazi ya mapema. Wengi walitegemea matundu yatashinda. Ikawa kinyume, waliofanyiwa kwa matundu saratani iliwarudia zaidi na walikufa wengi zaidi kuliko waliofunguliwa tumbo. Kovu dogo, kitandani siku chache, na bado wakapoteza. Baada ya hapo vituo vingi duniani vikarudi kufungua tumbo kwa saratani hiyo.

Utumbo mpana ni hadithi nyingine, huko mwaka 2004 Wamarekani walionyesha kwamba wa matundu na wa kufunguliwa saratani inarudi kwa kiwango kinachofanana. Kwaiyo huwezi kuchukua jibu la kiungo kimoja ukaliweka kwenye kingine. Msichange hela kabla ya kukaa na daktari wake wa saratani na kumuuliza hilo swali moja kwa moja, hapo hapo muulizeni pia kama mionzi inamfaa zaidi.

Mwanafunzi wa Tiba:

Naongezea kidogo nesi kama utaniruhusu. Sababu moja ya tumbo la kufunguliwa kuchelewa kuamka ni kule kushikwa kwa utumbo. Ndani ya ukuta wa utumbo, kwenye misuli yake, kuna makrofaji zimekaa kimya. Utumbo ukishikwa, ukivutwa, ukikauka kwa hewa na taa za thieta, zile zinaamka zinaita seli nyeupe ndani ya misuli, na msuli uliojaa seli nyeupe hausukumi chakula. Ndo maana tumbo linajaa na mtu hajambi hata siku nne.

Nesi wa Zamu:

Umenena vizuri sana daktari mtarajiwa, na watu wetu hawaelewi kabisa kwanini tunauliza hilo swali. Asubuhi nikipita kitanda kwa kitanda namuuliza mzee wa watu "baba, umeshatoa upepo?" wengine wanaona aibu mbele ya wakwe zao wanasema bado kumbe tayari, wengine wana njaa wanasema tayari kumbe bado. Naomba mseme ukweli. Ule upepo ndo utumbo unatuambia kwamba moto wake umeanza kupoa. Mgonjwa wa nyongo kwa matundu mara nyingi jioni ile ile anakunywa uji, utumbo wake haujashikwashikwa.

Kitu kingine hapo hapo ni utumbo kushikana. Ule utando wa ndani una tabaka moja tu la seli juu yake, jembamba ajabu, ukikwanguliwa au ukikauka unatoa utomvu wa kugandisha, nyama mbili zilizochubuka zikigusana zinagandana. Kama ule utomvu haujayeyushwa ndani ya wiki moja hivi unageuka uzi wa kovu wa kudumu. Miaka kumi baadae mtu anakuja anatapika, tumbo limejaa, utumbo umenaswa kwenye huo uzi. Matundu yanapunguza hilo tatizo. Hayalimalizi.

Mtoto wa Kwanza:

Nesi tafadhali naomba unijibu. Mama ana miaka 61, utumbo mpana ulijisokota wakamfungua tumbo, wakakata kipande wakaunganisha. Leo siku ya 6. Tuliruhusiwa jana akiwa hana joto. Toka usiku joto 38.7, kidonda sehemu ya chini karibu na kitovu kimevimba na kinamuuma kuliko juzi. Shangazi anasema ndo inflamesheni uliyoisema ni kawaida tumpe panadoli. Nimechanganyikiwa.

Nesi wa Zamu:

Mrudisheni hospitali SASA HIVI, msisubiri kuche. Mengine utasoma njiani.

Nilichosema juu ni joto la siku ya 1 na ya 2, dogo, linaloshuka. Mwili umeumizwa siku moja, kwaiyo moto unapanda mara moja na kushuka. Ukishashuka halafu ukapanda tena siku ya 5 au ya 6 maana yake kuna kuni mpya zimewekwa. Maumivu yanayozidi yale ya juzi, uvimbe mpya, joto jipya, hayo hayatokani na kisu cha wiki iliyopita.

Njiani angalia haya umwambie daktari: kidonda kinatoa maji gani na yana harufu gani, tumbo ni laini au gumu kama ubao, anatapika, anatoa upepo, mkojo anapata. Kwa sababu utumbo uliunganishwa, lazima wahakikishe ile sehemu ya kuunganisha haivuji. Wakiweza wapime CRP, siku hizi za 3 mpaka 5 ikiwa juu ya 150 hivi madaktari wanaanza kuwa na wasiwasi na maungio ya utumbo, na kwa siku ya 6 inatakiwa iwe inaendelea kushuka. Panadoli itashusha joto tu, kuni zitabaki pale pale.

Niambie mkifika.

Fundi Umeme 88:

Mungu amsaidie mama. Tuko pamoja mkuu.

Mwanafunzi wa Tiba:

Kwa watakaosoma baadae, huu utafiti wa upasuaji Afrika uliotoka 2018 kwenye nchi 25 ulikuta madhara yanayotokea mara nyingi zaidi baada ya upasuaji ni maambukizi, na vifo vilikuwa kama mara mbili ya wastani wa dunia ingawa wagonjwa wengi walikuwa vijana. Wengi walikufa siku za baada ya upasuaji, sio mezani. Wanapotea kwenye siku hizi hizi anazozisema nesi.

Nesi wa Zamu:

Ndio. Na ndo maana nauandika huu uzi usiku wa manane.

Wakati tunasubiri habari nimalizie lile la ndoo ya maji. Kidonda wiki ya 3 hakijafika hata nusu ya nguvu ya nyama ya mwanzo, na hata baada ya miezi kovu linaishia kama asilimia 80. Kwa aliyefunguliwa katikati ya tumbo ukibeba mzigo mapema ile mishono ya ndani inaachia taratibu, nje ngozi imefunga vizuri, ndani kuna uwazi, baada ya mwaka unaona uvimbe unatokeza ukikohoa, hiyo ni ngiri. Wa matundu nae hajasalimika, lile tundu la kitovuni la milimita 10 linaweza kutoa ngiri vile vile. Wiki sita kwa aliyefunguliwa asibebe ndoo, asitwange, asibebe mtoto mgongoni. Wa matundu mpeni walau wiki mbili tatu.

Na moja kwa haki, kwenye nyongo matundu yalikuja na hatari yake. Mjerumani Erich Mühe alifanya ya kwanza mwaka 1985, miaka michache baadae ikaenea kama moto wa nyika, na kukawa na watu waliokatwa mrija mkubwa wa nyongo kimakosa kuliko ilivyokuwa wakati wa kufungua. Ni hatari ndogo kwa njia zote, ila ipo. Mtu wa matundu akiwa na macho ya njano au tumbo linazidi kuuma siku ya 3, asiambiwe "si vidonda vidogo tu".

Mtoto wa Kwanza:

Wakuu samahani kwa kimya. Tulifika saa tisa usiku. Daktari alitoa nyuzi tatu pale penye uvimbe, usaha ukatoka kama nusu kikombe cha chai, una harufu kali. Asubuhi wamempiga picha ya tumbo wamesema maungio hayavuji, ni kidonda cha juu tu. Wamekiacha wazi wanajaza gozi na kubadilisha kila siku, na wamemwekea dawa ya mshipa.

Nesi wa Zamu:

Alhamdulillah. Wakikiacha wazi usiogope ukubwa wake, kitajaa nyama nyekundu kutoka chini kuja juu, ndo kinavyotakiwa. Na usikubali mtu akishone upesi ili kipendeze. Joto likoje sasa?

Mtoto wa Kwanza:

37.4 saa kumi jioni. Anakohoa na kanga kama ulivyosema, kaikunja mwenyewe. Shangazi ndo anampa uji.